Kukausha chonga, kaa na mjusi bila kunukisha nyumba

"Hodi! Shikamoo mama maabara. Nimekuletea vifaru wako."

Huyo ni mkwezi wetu hapa Ngomeni, Muheza, saa mbili asubuhi, ameshuka mnazini na kopo tupu la mafuta ya kula mkononi. Ndani mna chonga watatu. Wawili wametobolewa na ule waya wenye ndoano anaowavutia kutoka kileleni. Hao ni wa kuku. Wa tatu ni mzima, anakwaruza bati kama anadai kodi ya nyumba. Huyo ndiye wangu.

Kwa asiyemfahamu, chonga ni mbawakawa mkubwa, mweusi wa kuelekea kahawia, urefu wa sentimita 4 hivi, na kichwani ana pembe, ndiyo maana mkwezi anamwita kifaru. Jina lake la kitaalamu ni Oryctes monoceros. Usiku hutoboa moyo wa mnazi na kufyonza utomvu wa makuti machanga. Kuti likija kufunguka unaliona limekatwa umbo la V, utadhani mtu kalipitishia mkasi. Hakuna anayemlilia akifa. Na kwa anayeanza kukausha wanyama wadogo, simjui wa kujifunzia anayemzidi: ni mkubwa, ni mgumu, hahitaji kibali, na kosa lako lolote utalinusa ndani ya siku tatu.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya biolojia kwenye shule ya sekondari miaka 27. Fomalini, dawa ya kuhifadhia wanyama waliokufa, ilikuwa ghali, inachoma macho, na siku ya mtihani wa vitendo wanafunzi walikuwa wanashika panzi huku machozi yanawatoka. Nikaanza kukausha. Leo nimestaafu, kabati la sebuleni lina masanduku manane, na mume wangu aliacha kulalamika tangu niliposhinda vita ya harufu.

Ukimjua ng'onda umeshajua nusu ya kazi. Samaki anapasuliwa, utumbo unatolewa, anatiwa chumvi, anaanikwa. Bakteria na ukungu hawastawi pasipo maji, na tumbo ndilo lenye maji mengi na bakteria wengi, kwa hiyo uozo huanzia humo. Lakini angalia ng'onda huyo huyo mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea: analainika, anatoa jasho. Chumvi yetu ya bahari huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo chumvi jikoni sawa, kwenye masanduku yangu haiingii. Natumia boraksi, ule unga mweupe ambao masonara hutumia wakati wa kuunga dhahabu. Waulize masonara wa mjini watakuelekeza duka. Si ya kuliwa wala kuvutwa puani: vaa glovu, funga pua kwa kitambaa, andika SUMU kwenye kopo kwa herufi kubwa, na uiweke mbali na unga wa ngano. Huo ushauri wa mwisho una kisa chake, nauacha.

Sasa chonga. Kwanza afe, na afe kweli. Mwanzoni nilikuwa namtia kwenye chupa yenye pamba iliyolowa dawa ya kufutia rangi ya kucha, nasubiri saa moja, akitulia nampiga pini. Usiku mmoja nikasikia kru, kru, kru juu ya kabati. Nikawasha taa: chonga anatembea na pini yake na kipande cha povu gumu la kuchomekea pini chini yake, kama mtu aliyebeba godoro. Niliona haya kweli kweli. Tangu siku hiyo nawafunga kwenye kopo dogo na kuwaweka friza, siku mbili kamili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu naanza kuhesabu upya. Dawa ya kucha bado inafaa kwa wasio na friza, ila mwache humo usiku kucha, na usome chupa kabla ya kununua: yenye ethili asiteti huwaacha wadudu laini, ya asetoni tupu huwakakamaza miguu.

Akitoka friza, mwache nusu saa barafu iyeyuke. Kama ni mdudu uliyemwokota akiwa amekwisha kukauka, usimguse miguu, itakatika. Weka mchanga wenye unyevunyevu kwenye kopo lenye mfuniko, tia matone mawili ya siki kuzuia ukungu, juu yake kipande cha karatasi ya nailoni, halafu yeye. Baada ya siku moja au mbili viungo vinalegea.

Kinachofuata watu wengi wanakiruka, ndiyo maana wadudu wao wakubwa hunuka: kumtoa utumbo. Mweke chonga kifudifudi juu ya kitambaa. Zile mbawa ngumu za juu zinakutana katikati ya mgongo kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ingiza ncha ya kibanio cha nyusi kwenye mstari huo, uzifungue taratibu kulia na kushoto kama milango ya kabati. Chini yake kuna mbawa nyembamba zilizokunjwa, rangi ya chai ya rangi, zisukume pembeni. Hapo utaona mgongo wa tumbo, na utashangaa: mdudu aliyekuwa kama jiwe, hapa ni laini kama ngozi ya maharage yaliyopikwa. Pasua kwa mkasi mdogo wa kucha, mstari mmoja wa urefu, usifike ncha ya nyuma. Vuta utumbo kwa kibanio, pamoja na mafuta meupe yanayofanana na samli iliyoganda. Usiharakishe kwenye mafuta. Futa ndani kwa pamba, futa tena, nyunyiza boraksi kidogo, jaza pamba kavu ya kutosha kurudisha umbo lake, halafu funga milango. Nikimaliza, hakuna mtu amewahi kuniuliza nilipita wapi.

Panzi, vunjajungu na senene wakubwa unawafanyia vivyo hivyo, ila unapasua upande wa chini wa tumbo. Wadudu wadogo, tuseme chini ya sentimita 2, waache na utumbo wao, watakauka kabla ya kuoza.

Pini. Za cherehani zitakuharibia. Hapa kwetu pwani za chuma hushika kutu ndani ya msimu mmoja, na za shaba nyeupe hutoa uchafu wa kijani pale zinapokutana na mafuta ya mdudu, unavimba mpaka unampasua. Za kazi hii, pini za wadudu, zina urefu wa milimita 38. Unene wa namba 2 au 3 unatosha kwa wengi. Ziagize, paketi moja ya 100 inakaa muda mrefu. Mbawakawa hupigwa pini kwenye ubawa mgumu wa kulia, karibu na bega, itokee kati ya miguu ya katikati na ya nyuma. Kulia, na si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa atakayetaka kuuchunguza. Panzi naye kulia, nyuma kidogo ya shingo. Kipepeo ndiye anayepigwa katikati ya kifua. Acha kama sentimita moja ya pini juu ya mgongo, ndipo utakapomshika siku zote.

Kisha msimamishe kwenye ile povu nyeupe inayokuja na televisheni mpya. Panga miguu kwa kuibana na pini za ziada pande mbili, zikipishana, bila kuitoboa. Vipapasio vya kichwani vitokeze mbele. Hapa ndipo mjukuu wangu anapopenda kukaa na kutoa maoni. Anataka chonga wote wawe kama wanapigana. Nimemruhusu mmoja.

Kumkausha kwenyewe hakuna ufundi mwingi ila subira. Kivuli, hewa inayopita, mahali pa juu. Jua kali hufuta rangi, hasa ya vipepeo na kereng'ende. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, mdudu wa saizi ya chonga huchukua wiki mbili. Masika usijaribu bila joto la ziada: mimi nina boksi la katoni lenye balbu ya kizamani ya wati 40 juu, sentimita 30 kutoka kwa wadudu, na matundu pembeni. Hizi balbu mpya za LED hazina joto la kukausha hata nzi. Usiliache boksi limewaka ukatoka nyumbani. Asiye na balbu akaange mchele bila mafuta mpaka ukauke kabisa, aupoze ndani ya kopo lililofungwa, kisha amtie mdudu na povu lake humo humo. Mchele utakunywa unyevu. Ule mchele usirudi jikoni. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu navyo ni vizuri, navyo unaweza kuvikausha upya.

Utajuaje amekauka? Gusa kipapasio kwa ncha ya pini. Kikipinda, bado. Kikitikisika pamoja na mwili mzima, tayari.

Baada ya miezi kadhaa chonga mwingine huanza kung'aa kama amepakwa mafuta ya nazi. Ni yale mafuta uliyoyaacha. Mtumbukize kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku mmoja, mtoe, mwache nje akauke. Mbali na moto. Na mvue kwanza kwenye povu. Mimi nilimtumbukiza na povu lake, asubuhi nikakuta povu limegeuka kamasi chini ya chupa.

Wakati wa kukausha adui mkubwa ni sisimizi. Meza yangu imesimama kwenye makopo manne ya maziwa ya unga, kila moja lina maji na kijiko cha mafuta ya taa, na haigusi ukuta. Kabla sijajifunza hilo, niliacha kipepeo mmoja mezani nikaenda kuswali. Niliporudi bawa lake la kulia lilikuwa linapanda ukutani lenyewe, kama tanga la ngalawa.

Kuhusu vipepeo sitakaa sana, wana kazi yao ndefu. Kwa ufupi: ubao wenye mfereji wa mwili, mbawa zinafunguliwa ukiwa unazivuta kwa ncha ya pini nyuma ya mshipa mkubwa wa mbele, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ufanye pembe ya mraba na mwili, kisha unabana kwa vipande vya karatasi. Usiguse mbawa kwa kidole, ule unga ndio rangi yenyewe. Huku Amani wanakijiji wanafuga vipepeo, na hadi 2016 waliuza mapupa nje ya nchi. Waliokufa wenyewe kwenye mabanda ndio wa kuanzia nao, badala ya kuingia msituni na wavu.

Kaa ndiye aliyenifukuzisha nyumbani. Nilikuwa nimenunua kaa mdogo wa mikoko sokoni Tanga, nikamwanika mzima juani, nikijiambia gamba litajikausha. Siku ya nne nzi walijua anwani yetu. Nyama ya ndani ya magando haina pa kupumulia, inaoza kama ndani ya chupa. Sasa nafanya hivi. Kaa aliyekufa kwenye friza anakuwa laini akiyeyuka. Mgeuze, inua gamba kubwa kuanzia nyuma, kwenye ule mshono juu ya miguu ya mwisho. Litafunguka kama mfuniko wa bakuli. Toa kila kitu, na yale manyoya ya kijivu ya kupumulia usiyasahau. Magando yatoe kwenye maungio, kokota nyama kwa waya uliokunjwa ncha, suuza kwa maji kwa kutumia sindano kubwa. Miguu myembamba huwezi kuisafisha ndani, kwa hiyo kaa mzima anakaa kwenye spiriti ya asilimia 70 siku tano au sita, kisha anakauka kivulini juu ya kopo akiwa amepangwa mkao wake. Gamba na magando unarudisha kwa gundi. Usimchemshe kama unataka rangi yake: joto hulegeza protini iliyofunika ile rangi nyekundu, na hapo utabaki na kaa wa hotelini.

Nyota za bahari na makombe ya baharini watu huniuliza sana. Ndani ya hifadhi za bahari, na yetu hapa Tanga ni moja ya hizo, hutoi kitu ovyo. Nyota wa bahari unayemwona kwenye meza za kuuzia watalii mara nyingi alivuliwa akiwa hai, hakuokotwa. Mimi sinunui.

Mjusi kafiri wa ukutani ni habari nyingine. Paka huniletea mmoja karibu kila wiki. Apasuliwe tumbo kuanzia karibu na tundu la haja hadi kifuani, utumbo wote utoke, boraksi ipakwe ndani, pamba kidogo, kisha azikwe kwenye sanduku la boraksi kavu wiki tatu hadi nne, akiwa amebanwa kwa pini mkao unaoutaka. Akitoka mpige brashi laini. Nakueleza ukweli ili usije kunilaumu: atasinyaa. Macho yatazama, mbavu zitahesabika, mkia utakuwa kama kijiti. Kwa kuonyesha miguu yenye vidole vya kunatia, bado ni mzuri mno. Kama unataka umbo lake la uhai, chupa ya spiriti inamfaa kuliko kukaushwa.

Lakini iwe huyo wa ukutani tu. Vinyonga wa Usambara, hata ukimkuta amekufa barabarani, ni wanyamapori wenye sheria zao, na biashara yao ya nje iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Yule mjusi mdogo wa bluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, tangu 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo, kile cha walio hatarini zaidi. Ndege vilevile. Piga picha, uende zako.

Na kuna wanyama usiowagusa kwa sababu yako mwenyewe. Popo aliyeanguka mchana anaweza kuwa na virusi hatari, vikiwemo vya jamii ya kichaa cha mbwa. Panya aliyekufa bila sababu, viroboto wake wanamwacha na kutafuta mwenye damu ya moto. Sisi wa mkoa wa Tanga tunaikumbuka tauni ya Lushoto, iliyorudi mara kwa mara kuanzia 1980. Pia, ukikuta kwenye stoo ya shule ya zamani ndege au mnyama aliyejazwa pamba, usimpanguse vumbi kwa mkono. Zamani ngozi zilihifadhiwa kwa arseniki, na haijaondoka.

Masanduku yafungwe sawasawa. Kila mwezi napita na tochi naangalia chini ya kila mdudu. Ukiona unga wa kahawia, laini kama wa tumbaku, kuna kibuu chenye manyoya ndani anakula mali yako. Sanduku zima funga kwenye mfuko wa plastiki, tia friza wiki mbili, kisha ulitoe na usifungue mpaka lifikie joto la chumba, la sivyo umande utawalowesha wote. Nafthalini nilitumia zamani. Niliiacha wajukuu walipoanza kuja: huharibu damu ya watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huku kwenye malaria upungufu huo si adimu. Tena watoto huidhania peremende.

Imebaki lebo. Karatasi ndogo kwenye pini ile ile, chini ya mdudu, imeandikwa kwa penseli au wino mweusi usiofutika. Kalamu ya kawaida hupauka. Nchi, mkoa, wilaya, kijiji, tarehe, alikopatikana, aliyemkamata. Mwezi naandika kwa namba za Kirumi, 4.iii.2024, asije mtu akabishana kama ni Machi au Aprili. Mdudu asiye na lebo hata shule hawampokei, kwa sababu hawezi kueleza alitoka wapi.

Juzi nilimwonyesha mkwezi lebo ya yule wa kwanza aliyeniletea. Aliisoma polepole, jina lake likiwa mstari wa mwisho, akatabasamu. Kisha akakunja uso.

"Mama, hapa umeandika 'mnazini'. Mnazi upi?"

"Mnazi ni mnazi."

"Hapana mama. Huyu nilimtoa kwenye minazi mifupi, nyuma ya msikiti. Ile mirefu ya huku mwaka huu sijawatoa hata mmoja."

Nikachukua karatasi nyingine, nikachonga penseli, nikaandika upya.